Mafuta ya Lulu

Haya ninayowaambia yananichoma mpaka leo. Miaka ya sabini nilikuwa mtunza farasi kwenye ranchi moja ya ng'ombe huko Kishushe. Kiangazi kilipomkondesha Lulu, farasi wetu, meneja alileta debe la mafuta ya nazi. Alikuwa Bwana Salim, mtu wa Mombasa.

"Mwadime," akaniambia, "huyu mpe kikombe asubuhi na kikombe jioni, manyoya yarudi kung'aa."

Kwetu milimani mafuta ya nazi ni ya kujipaka. Mama alitupaka kila tulipooga, na sikuwahi kuyaona kwenye sufuria. Basi nikampaka Lulu kutoka kwato hadi masikio. Aling'aa kama kiatu cha padri. Kila nikimaliza alinilamba viganja polepole, nami nikajigamba kwa wenzangu kwamba mnyama huyu ananipenda.

Wiki tatu baadaye mbavu zake zilihesabika, tena zinang'aa. Bwana Salim akaja, akampapasa mgongo, akakitazama kiganja chake.

"Mwadime, mafuta unampa vipi?"

"Nampaka vizuri, bwana. Hata mkia."

Hakunigombeza. Alimimina kikombe kwenye karai la pumba, akazichanganya kwa mkono wake mwenyewe, wenzangu wote wakitazama. Lulu alikula mpaka likabaki bati tupu. Nikamnyooshea viganja vyangu, ambavyo nilikuwa nimeshavinawa. Akavinusa mara moja, akarudi kulamba karai.