Jicho la Mbwa na Macho ya Mama

Mbwa yule nilipewa na meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, mmoja wa wanunuzi binafsi walioingia Bariadi serikali ilipofungua milango na chama cha ushirika kikaacha kuwa mnunuzi pekee. Alikuja na mbwa wakubwa wa kizungu wa kulinda marobota yake. Mimi nilikuwa na mgahawa ng'ambo ya barabara, wafanyakazi wake wakila kwangu, na jike lilipozaa akaniletea mtoto mmoja, rangi ya mchanga, miguu minene kuliko ya mbuzi. Kabla hajafikisha mwaka alikuwa ananifikia kiunoni.

Wateja walimwita fisi, nami nikacheka nao. Kwetu Usukumani wapo wanaoamini kwamba mchawi hufuga fisi na kumpanda usiku, lakini utani ulikuwa utani tu. Ulikoma kuwa utani asubuhi moja, mbwa aliponyanyua kichwa kutoka kwenye sufuria lake, na kwenye kona ya ndani ya jicho la kushoto, karibu na pua, kukawa na kinyama chekundu kinachong'aa, ukubwa wa harage.

Mama yangu alikuwa akiishi nami. Nilimleta kutoka kijijini Kimali baba alipofariki. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nikiwa mdogo, kwa sababu kule kuni zilikwisha zamani na yeye alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, maisha yake yote, katika jiko lisilo na dirisha. Hiyo ndiyo habari nzima ya macho yake, hakuna nyingine. Lakini miaka ile, katika vijiji vyetu, wanawake wazee walikuwa wakikatwa mapanga kwa kosa hilohilo la kuwa na macho mekundu, yaliyochukuliwa kuwa alama ya uchawi. Sitaki kulisema kwa maneno laini.

Haikupita muda, jirani yangu fundi baiskeli, mtu aliyekula kwangu kila mchana, akanivuta pembeni.

"Mayu, sikuambii kwa ubaya," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma chetu. "Watu wanasema mbwa ameanza kufanana na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Mwenyewe ni bibi." Alitupa jicho barazani, mama alikokuwa akichagua mchele. "Huyo mbwa mmalize. Na bibi asikae huku mbele kwa sasa. Mweke uani, watu wasahau."

Nilimwuliza kama anajua wali anaoushindilia kila siku umepitia mikono ya nani. Aliondoka, na kesho yake alikuja kula kama kawaida. Niliogopa, sikatai, ila hasira ilikuwa nyingi kuliko woga. Kumwua mbwa kungekuwa kukiri, na kumficha mama kungekuwa kukiri mara mbili. Nikaapa kwamba mbwa atatibiwa, na atatibiwa mahali ambapo kila mwenye macho ataona.

Nilianza mwenyewe. Nilimsafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nikampaka dawa ya macho, nikakisukuma kile kinyama taratibu kwa kidole juu ya kope. Kiliingia. Kufika jioni kimetoka tena, chekundu zaidi. Mwenye duka la dawa za mifugo, moja ya maduka mapya yaliyokuwa yakichipuka kila kona, aliniambia nimshike mbwa vizuri tu, yeye atakikata kwa wembe na kazi imekwisha. Nilikaribia kukubali. Bahati daktari wa mifugo wa wilaya aliingia kunywa chai, nikamwonyesha kwanza.

"Msithubutu," alisema. "Huu si uvimbe. Ni tezi ya machozi, imechomoka mahali pake. Mbwa wakubwa wa namna hii huwatokea wakiwa bado wadogo. Ukiikata, jicho litakauka na litamsumbua mpaka afe. Inarudishwa ndani na kushonewa. Mlete ofisini."

"Nataka umshonee mnadani, daktari. Siku ya mnada."

"Mnadani kuna vumbi la ng'ombe, mama."

"Basi asubuhi, kabla ng'ombe hawajafika. Watu hufika kabla ya ng'ombe."

Alinitazama, akamtazama mama, akaelewa. Alikuwa mtu wa huku huku.

Mnadani kulikuwa na kijumba cha kukagulia vibali vya mifugo, chenye baraza la saruji. Nililisugua mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni. Mama nilimwambia abaki nyumbani. Nilipogeuka alikuwa ameshajifunga kanga na ananitangulia njiani. Mbwa alichomwa sindano ya usingizi, akalegea, na mama akakipakata kichwa chake. Watu walijaa mpaka daktari akawaomba wasogee apate mwanga. Aliibinua kope kwa koleo dogo na kuwaonyesha, kama nilivyomwomba. "Tezi hii hapa. Hata nyie ukope wenu una tezi." Kisha akaanza kushona kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Sauti ikatoka nyuma: "Na bibi naye atashonwa?"

Wengine walicheka. Mama hakuinua kichwa.

"Langu mimi ni moshi," alisema. "Njoo upike jikoni kwangu mwezi mmoja, tukushone wewe."

Kicheko kikahamia upande wetu. Nilisikia raha, sifichi.

Mbwa alivaa shingoni ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako, asijikune, akawa anagonga kila mlango nyumbani. Nilimpaka dawa kama nilivyoelekezwa, jicho likatulia, likawa jicho. Nikadhani tumemaliza. Ndipo nikawasikia wateja wangu wawili, mbele ya sahani zangu, wakisema kumbe bibi ana nguvu, amelifunga jicho lile kwa uchawi wake na kulifungua mwenyewe.

Nilitaka kuwamwagia mchuzi. Mama alinizuia, akavaa viatu, akamfunga mbwa kamba, na tangu siku hiyo akawa anapita naye barabarani kila alasiri. Alimsalimia kila mtu. Salamu ya Kisukuma ina hatua zake, ukoo, watoto, ng'ombe, mvua, na mtu mzima akikwambia mwadila huwezi kumpita kimya, hata kama asubuhi ulimsema. Walijibu wakiangalia chini. Yeye alisubiri mpaka wamalize hatua zote.

Kisha mke wa fundi baiskeli akaja. Aliingia kwa mlango wa uani, mchana watu wamepungua, ameshusha kanga mpaka kwenye nyusi. Alipoiinua niliona. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu.

"Mume wangu hajayaona vizuri bado," alimwambia mama. "Nifanyeje, mayu?"

Nilikuwa na maneno ya kumpa, makali, nimeyaweka siku nyingi. Mama alinyanyuka kabla yangu, akamshika mkono, akampitisha jikoni, akampitisha katikati ya meza za wateja, mpaka barazani mbele ya barabara.

"Kwanza utakaa hapa na mimi," alisema. "Toa hiyo kanga usoni."