Mama Yangu Hakuwa Akiomba

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri, na hasira yake ninayo hadi leo. Ilikuwa enzi ya Wajerumani, nami nilikuwa mwali niliyekwisha kuposwa. Mzungu mmoja msafiri alipita kwetu Karagwe na mashine ya picha zinazotembea. Bwana Salum, mwenye duka aliyetoka pwani, akampa ghala lake la ngozi. Shuka jeupe likatundikwa, milango ikafungwa mchana kweupe, tukajazana humo na uvundo wa ngozi.

Picha zenyewe zilikuwa fupi. Hujamaliza kutafuna punje moja ya kahawa, imekwisha. Ya kwanza ilikuwa ya Ulaya. Mama anamfuta mtoto kamasi, mtoto anakwepesha kichwa. Tulicheka sana. Nikampenda yule mama papo hapo, maana wangu naye alinifuta hivyo hivyo, kwa nguvu.

Kisha akatokea mama yangu.

Alikuwa amekufa masika ya kabla ya hapo, mwanangu. Sikujua kwamba yule Mzungu alikuwa amempiga picha alipopita kwetu mara ya kwanza. Nikamwona amepiga magoti mlangoni petu, mikono yote miwili imeshika kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, anamkaribisha mgeni kama wanawake wetu wote wafanyavyo. Nilitaka kulia. Mzungu akasema maneno ya kwao, na Bwana Salum akatutafsiria: "Maskini huyu anapiga magoti kuomba chakula."

Machozi yalikauka. Nikasimama. Shangazi akanivuta nguo: "Kaa chini, utachapwa kiboko!" Sikukaa. Mama hakuwa tena na kinywa cha kujitetea.

"Shikamoo, Bwana Salum."

"Marahaba, binti."

"Kikapu hicho umekiona kwetu. Mama alikupigia magoti hivyo hivyo, ukachukua kahawa, ukatafuna, ukamshukuru. Siku ile alikuwa anakuomba nini?"

Wanawake wakaguna. Bwana Salum akamtazama askari aliyesimama mlangoni na kiboko chake, akajifuta jasho, halafu akamweleza Mzungu maneno mengi. Mwisho akatugeukia. "Tumekosea. Mama huyu anatoa, haombi."

Picha ikarudiwa. Safari hii mama aliponyoosha kikapu, ghala zima lilimshukuru kwa Kinyambo chetu, kwa sauti, mpaka askari akashtuka. Hapo ndipo nililia.

Basi mwanangu, unapokwenda kutazama picha za watu, nenda na macho ya kwenu. Ukimwona mama wa mbali anamfuta mwanawe, mpokee, huyo ni mwenzako. Ukiona wa kwenu anasingiziwa, usingoje ruhusa ya mtu yeyote. Amkia kwanza, kisha sema. Kiboko kikija, kikukute umesimama.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka. Na siku nitakapoonekana mimi kwenye shuka lao, akuweke hapo, uwaambie mikononi nilishika nini.