Pasi Iliyonyamazisha Redio ya Bibi

Juzi, katika duka moja la Ukunda, nilisoma kibandiko cha pasi ya umeme: wati elfu moja. Mara nikakumbuka utoto wangu, nikasikia harufu ya vifuu vya nazi vikiungua.

Alasiri moja ya utoto huo, nyumbani kwa Bibi huko Msambweni, gauni langu jeupe la maulidi lilikuwa limejaa mikunjo. Betri ya sola iliwasha taa na redio, basi nikaamini itawasha na pasi mpya ya umeme aliyotuletea mjomba. Nikachomeka. Inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri, ikalia, redio ikanyamaza katikati ya kaswida.

“Bibi, nimeiua betri! Sikusema bismillahi.”

“Bismillahi haijazi betri, mjukuu wangu. Pasi hii yala kuliko mgeni wa harusi. Lete vifuu tuwashe ile ya makaa.”

Nikaenda madrasa gauni limenyooka, likinuka moshi.

Sasa najua kwamba wati ni volti mara ampea. Kwa volti kumi na mbili, pasi ya mjomba, nayo ya wati elfu moja, ilitaka ampea zaidi ya themanini, na betri ya Bibi haikuziweza. Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara hainitii hatiani. Hata hivyo, juzi, muuzaji wa Ukunda alipoijaribu pasi yake, nilisema bismillahi. Mara mbili.