Siku Béthanie Alipomsingizia Nahum

Béthanie Kapinga alifundisha Kifaransa hapa Kamina, na saa za jioni alikuwa katibu wa parokia yake ya Kimetodisti. Kwa miaka mingi alizunguka kwa baiskeli kwa wamama wazee, akiandika kwenye kompyuta namna wazazi wao walivyojenga kanisa lile: nani alichoma matofali, nani alikataa kubatizwa mpaka mkewe ajifungue salama. Baadhi ya wamama hao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kompyuta ikajaa. Béthanie akagundua kwamba programu yake ya kuandikia ilikuwa na folda ya kashe, yaani nakala inazoweka karibu ili maandishi yafunguke hata mtandao usipokuwepo. Folda hiyo ilikuwa imevimba kwa picha na sauti za wazee. Akaihamishia kwenye diski ya nje, akaielekeza programu mahali papya, na kompyuta ikapata pumzi. Kwa furaha akachomoa diski, akaitia katika mfuko wake wa shule, asiifikirie tena.

Asubuhi ya mkutano wa kuandaa jubilei ya kanisa, Nahum Kalunga, karani wa parokia hiyohiyo, aliazima kompyuta ile ofisini achape karatasi ya kilio, yaani tangazo la msiba wa jirani. Mchana Béthanie akaifungua mkutanoni awasomee wazee wa kanisa masimulizi yale. Ukurasa mweupe. Mtandao nao ulikuwa umekatika tangu jana. Akafunga, akafungua tena. Weupe uleule.

"Papa Nahum," alisema, akimgeukia mbele ya wazee wote, "weye njo ulikuwa na mashini. Umefuta kazi yangu!"

"Minyi nilichapa tu karatasi ya kilio, mama. Sikugusa kitu ingine."

"Basi ni nani? Tangu zamani unaona wivu juu ya hii kazi!"

Hakuna aliyemtetea. Nahum akaaga kila mzee kwa jina lake, akatoka.

Nyumbani, Béthanie akitafuta kalamu nyekundu mfukoni, mkono ukagusa diski. Alielewa kabla ya kuichomeka. Alipoichomeka, yote yakarudi, hata sauti za waliokufa. Akafunika kompyuta upesi, kama mtu aliyekutwa uchi. Mumewe, Timothée, alipomwita kula bukari, ugali wa jioni, Béthanie alisema tumbo linamuuma.

Angeweza kusema mtandao umerudi na umeleta kila kitu. Alijaribu kuyatamka maneno hayo peke yake jikoni, akaona aibu hata mbele ya masufuria.

Akaenda kwa Nahum. Mke wake, Mwadi, alimpa kiti bila kumtazama.

"Papa Nahum, ni minyi. Nilihamisha zile faili minyi mwenyewe, na diski ilikuwa mu mfuko yangu. Unisamehe."

Nahum alimpa mkono.

"Nimekusamehe, mama. Lakini binti yangu alirudi ku soko na machozi. Bantu banamuambia baba yake iko muntu mubaya. Kwa ile, samahani ya hapa nyumbani haitoshe."

Jumapili, baada ya matangazo, Béthanie akasimama mbele ya kanisa zima. Alianza upya mara kadhaa, lakini alisema yote, hata lile neno la wivu. Wamama waliinamisha vichwa, wakiona aibu kwa niaba yake.

Siku ya jubilei masimulizi yake yalisomwa, watu wakalia, wakamshika mikono kumpongeza. Nahum naye alimpongeza. Ila tangu hapo, akiwa na karatasi ya kuchapa, huipita ofisi ya kanisa na kwenda kuchapa kwa kulipa kwenye kibanda cha karibu na stesheni. Béthanie humwona kupitia dirisha la ofisi, na hajapata bado ujasiri wa kumwita.