Mlezi wa Handeni anayeshtuka kila pikipiki ikipunguza mwendo

Pikipiki inapunguza mwendo nje ya geti la chuo, na Nkoile Lenku anaganda na kijiko cha uji mkononi. Watoto waliokaa mkekani wanamtazama. Pikipiki inapita, inaelekea Handeni mjini. Nkoile anashusha pumzi, lakini kabla ya kuendelea kulisha anawahesabu watoto upya, na macho yake yanaishia kwa Yordani, mwenye miaka mitatu.

"Tangu Jumanne niko hivi," anasema. "Nikisikia pikipiki tu, nawahesabu watoto."

Nkoile, 52, ni mlezi wa watoto katika chuo kimoja cha ufundi wilayani Handeni. Mama zao ni watu wazima walioacha shule zamani, wengine kwa mimba, wengine kwa kuozwa mapema, wengine kwa ufukara tu. Sasa wamerudi kusoma, na bila mtu wa kuwashikia watoto wasingefika hata mlangoni pa darasa. Mwaka juzi wanne waliacha masomo baada ya ndugu wa upande wa baba kuwachukua watoto wakiwa majumbani.

Nkoile hajui kusoma, kwa hiyo alibuni utaratibu wake. Kanga huuzwa mbili mbili. Kila mama humwachia mtoto kipande kimoja cha kulalia, na kingine hubaki nacho. Anayetumwa kumchukua mtoto sharti aje na hicho cha pili. Kwa miaka mitano utaratibu huo haukumwangusha, naye hakuona haya kujisifu.

Upendo, mama yake Yordani, ni mjane wa miaka 26 kutoka Kwaluguru, anayesomea ushonaji. Wiki hii yuko Korogwe kwa mtihani wa mwisho wa vitendo, na mtoto analala kwa Nkoile hadi Ijumaa, yaani leo. Wakwe zake hawakutaka asome tangu mwanzo. Wanasema akipata cheti ataolewa kwingine, na damu yao italelewa na mwanamume mwingine.

Jumanne akaja Mathias, kaka wa marehemu. Alimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mama," kisha akatoa kanga. Ilikuwa yenyewe, rangi na maua yake.

"Niliona kanga, nikamnyanyua mtoto nikampa," Nkoile anasema. "Mkono ulitangulia akili. Ndipo nikamuuliza, mama yake yuko wapi? Akasema ameshamaliza mtihani, yuko nyumbani anapika. Na mimi nilikuwa nimetoka kuongea naye kwenye simu, yuko Korogwe, anaingia kwenye mtihani!"

Mathias alikuwa ameshawasha pikipiki. Nkoile alimng'ang'ania Yordani mguu, akapiga yowe hadi wanachuo wakatoka darasani na vitambaa mikononi. Mathias akamwachia mtoto. Kabla ya kuondoka alisema, kwa upole uleule: "Tutarudi, mama. Na hatutarudi na kanga."

Mkuu wa chuo alitoa taarifa polisi. Upendo hakuambiwa, na huo ulikuwa uamuzi wa Nkoile. Kila jioni mama huyo alipopiga simu, alijibiwa kwamba mtoto hajambo, amekula. Kisha Nkoile alijilaza na Yordani, akajifunga naye kwa shuka moja, usingizi usije.

"Ningemwambia, angeacha mtihani akaja mbio. Na wao ndicho wanachotaka," anasema. "Lakini wangemchukua mtoto huku nimenyamaza, ningemtazama vipi mama yake?"

Alasiri pikipiki nyingine inapunguza mwendo. Hii inasimama. Nkoile anambeba Yordani, anarudi nyuma hadi mgongo unagusa ukuta. Geti linasukumwa, na mtoto ndiye wa kwanza kupiga kelele: "Mama!"

Ni Upendo, amemaliza mtihani. Nkoile anamweleza yote palepale, hata ile sehemu ya kumkabidhi mtoto kwa mikono yake. Upendo anakaa chini kwenye vumbi na sketi yake safi, amemkumbatia mwanawe.

"Ile kanga niliisahau kambani kwa wakwe," anasema. "Mama, ungeniambia ningekuja."

"Ndiyo maana sikukwambia, mwanangu."

Upendo anapanga kuhamia Korogwe na mtoto, apange chumba na kutafuta kazi kwa fundi mwenye cherehani. Nkoile naye amejiandikisha darasa la jioni la kusoma na kuandika, ili aweze kusoma kitambulisho cha kila anayekuja getini. Kina mama aliowashikia watoto miaka yote wamekubaliana kumshikia zamu.

"Hilo darasa naliogopa kuliko ninavyomwogopa Mathias," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Nje, pikipiki inapunguza mwendo. Kicheko kinakatika, na Nkoile anaanza kuwahesabu watoto.