Bi Earline Hafuati Mtu

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Bi Earline Gadsden alikuwa na ugomvi mmoja na wanawake wa Macon, mji wetu wa Georgia, Marekani: hawajui kufuata. Yeye mwenyewe aliendesha basi la shule hadi alipostaafu, na sikumbuki mtu aliyewahi kumwelekeza njia. Lakini kila majira ya kuchipua, kanisa letu lilipoandaa dansi rasmi ya kuwatangaza vijana wetu weusi kuwa sasa ni wanaume, yeye ndiye aliyefundisha walsi, dansi ya wawili ambayo mmoja huongoza na mwingine hufuata, kila kijana na mama yake. Mimi nilishughulika na muziki.

Sheria yake ilikuwa moja: kijana ndiye anayeongoza. Akiburutwa siku ya dansi, havalishwi begani utepe wa utu uzima, na bila utepe amekuja kula kuku tu. Mtoto wa askofu aliukosa. Askofu alipopiga simu, Bi Earline alimtakia baraka, akakata.

Shida ni kwamba akina mama wetu hawajaongozwa na mtu tangu wabatizwe. Wanaendesha nyumba, kwaya, ofisi za watu, na mume kama yupo. Ukimwambia mwanamke wa namna hiyo alegeze mabega, amwachie njia mtoto aliyemfundisha kupenga kamasi, anakuangalia kama umemwomba kadi yake ya benki.

"Dada Charlesetta! Huyo si toroli la dukani, ni mwanao!"

"Sasa Bi Earline, hajui hata anakokwenda."

"Basi poteeni wote wawili! Ila yeye atangulie."

Mwaka mmoja ikawa zamu ya mjukuu wake, Thaddeus, kijana mrefu, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akibishana. Mama yake ni mwanajeshi, yuko Ujerumani, hakupata likizo. Basi bibi aliyemlea ndiye angecheza naye.

Kwenye mazoezi nikawasha muziki. Bi Earline akamshika mjukuu, akampeleka hadi kwenye piano, akamkatisha kona, akamrudisha, akamwegesha.

"Mmeona?" akauliza.

"Tumeona," alisema Dada Charlesetta. "Nani alikuwa anaongoza?"

"Yeye!"

"Mungu anakusikia, Bi Earline, na uko nyumbani kwake."

Baadaye Thaddeus alinifuata kwenye spika.

"Mzee Purvis, nikiburutwa na Bibi, atanipa utepe?"

"Hakupi."

"Lakini anayeniburuta ni yeye!"

"Sheria haisemi ni nani. Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema nisimjibu." Akashusha pumzi. "Na Mama ataangalia kwenye simu, kutoka huko."

Jumamosi ikafika: hoteli, suti nyeusi, glavu nyeupe, tai za kipepeo, na binamu mmoja mbele kabisa ameinua simu yenye uso wa mama kutoka Ujerumani. Muziki ukaanza. Bi Earline akaondoka na mjukuu wake kama aliyechelewa kituoni. Hatua chache tu, Thaddeus akasimama. Tuli, katikati ya ukumbi, na wengine wakawa wanawazunguka.

Bi Earline akavuta. Akasukuma.

"Thaddeus, tembea."

"Hapana, Bibi."

"Unaniaibisha mbele za watu."

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Umalize."

Dada Charlesetta alikuwa anapita karibu, akirudi kinyumenyume, mwanawe akimwongoza bila tabu. "Legeza mabega, Bi Earline!" akaimba.

Sijui Bi Earline alimwangalia kijana kwa muda gani. Najua nilirudisha wimbo mwanzo bila kuagizwa. Kisha mabega yakashuka, kwa uso wa dereva anayemkabidhi mgeni funguo za basi. Thaddeus akamwongoza. Akamkanyaga, akaomba radhi, akaendelea, ukuta hadi ukuta, hadi muziki ukaisha.

Wakati wa tepe ulipofika, Bi Earline alikuwa bado amefura.

"Ulichelewa kwenye hatua ya pili."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ulinikanyaga."

"Ndiyo, Bibi."

Akaunyanyua utepe. Bega lilikuwa juu mno. Thaddeus akainama.

"Nani kakwambia uiname? Simama vizuri, mama yako anakuona."

Akaitisha kiti, akapanda. Kilishikwa na Dada Charlesetta, ambaye hakuacha kumwelekeza mguu wa kutanguliza.