Nilimchora baba yangu akijifunza kusoma, watoto wa Muleba wakamcheka

Wakuu, heshima zenu.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, mchangiaji wa nadra. Umri umeshapita sabini, kwa hiyo mkiona nukta zimekaa vibaya mnisamehe. Nimesoma nyuzi zenu nyingi za maisha nikajiambia na mimi nina la kwangu. Ningefurahi sana kama lingekuwa la kutunga. Bahati mbaya lilitokea, na aliyelifanya ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa mchoraji wa vibonzo na vitabu vya watoto huko kwetu Kagera, miaka ile ya ujamaa. Sikuajiriwa na gazeti lolote. Nilikuwa mwalimu wa shule moja ya msingi upande wa Izigo, na uchoraji niliufanya jioni na Jumamosi, kwa mkono wangu, kwa akili yangu.

Nyie vijana mnachorea kwenye simu, hebu niwaeleze sisi tulifanyaje.

Unachukua karatasi ya stensili, ile yenye nta. Unakwaruza picha kwa kalamu ya chuma. Ukiteleza mstari mmoja, ukurasa umekwenda. Halafu unaifunga kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mkono, wino unapita kwenye ile mikwaruzo na picha inatoka.

Mashine hiyo alikuwa nayo Mzee Jivan, Mhindi mwenye duka la madaftari Bukoba mjini. Nilimfuata mara ya kwanza nikiwa nimepanda lori la kahawa, stensili nimezibana kati ya mbao mbili zisipinde. Akazitazama moja moja. Kwenye picha alikuwemo chura aliyevaa koti.

"Mwalimu, huyu chura anafanya kazi gani?"

Nikamwambia ni mkaguzi wa kahawa. Anapita kwa wakulima kuangalia kama kahawa imekauka, lakini kila anapoigusa anailowesha.

Mzee Jivan alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Hii tutachapa."

Ndivyo nilivyoanza. Baada ya chura ukaja mkungu wa ndizi uliogoma kuiva kwa sababu haukualikwa kwenye mkutano wa kijiji. Vijitabu vya kurasa kumi na mbili, pini mbili katikati. Walimu wenzangu walivibeba mifukoni mpaka Buganguzi, mpaka Ngenge huko. Watoto walikuwa wanavisoma vinachanika, wanavishona kwa uzi, wanaendelea.

Sitadanganya, nilianza kuvimba kichwa.

Sasa nimlete Tata. Kwetu baba tunamwita Tata.

Tata alikuwa mkulima Buganguzi, na kibanja chake cha migomba na kahawa. Hakusoma. Kaka zake walipelekwa misheni, yeye akabakizwa achunge ng'ombe wa babu. Hakuwahi kulalamika, lakini barua zangu nikiziandika alikuwa anasomewa na katekista, na katekista yule alikuwa na mdomo. Nikiandika kwamba tumbo limenisumbua, Jumapili parokia nzima inampa Tata pole.

Ikaja elimu ya watu wazima. Kila kijiji darasa, wazee kwa akina mama, mkitoka shamba mnakwenda kukaa kwenye madawati ya watoto wenu. Tata akajiandikisha. Hakuniambia.

Aliyeniambia ni Adelina. Huyu tulisoma naye chuo cha ualimu, akapangiwa shule ya kwetu Buganguzi, na darasa lile la wazee alilifundisha yeye. Tulikutana Muleba kwenye semina ya walimu, wakati wa chakula akaanza kunisimulia habari za Tata. Alikuwa anacheka, lakini kicheko cha mtu anayempenda mtu.

Alisema Tata anakuja darasani na koti lake la kanisani. Akiitwa ubaoni anavua kofia kwanza, kama anaingia mbele ya altare. Chaki anaishika kwa mikono miwili kama jembe.

Herufi alikuwa amezipa majina yake. O ni ngata ya kubebea mtungi. I ni fimbo. M ni nyumba mbili za msonge zimejengwa pamoja, za ndugu wasiogombana. Siku waliyofika kwenye neno "baba" alisoma kwa sauti, "ba-ba," kisha akageuka nyuma kuangalia ni nani anamwita.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Adelina akanitazama, kicheko kikamwisha. "Nimekwambia kwa sababu ni baba yako. Usiyachore haya."

Nikamjibu, "We Adelina, nitamchoraje Tata?"

Wakuu, nilivumilia siku nne.

Ya tano nikakaa mezani na kalamu ya chuma. Nikajidanganya kwamba nitabadilisha jina, nani atajua? Nikamwita Mzee Irabu. Kofia, chaki ya jembe, ngata, fimbo, misonge, "baba" na kugeuka nyuma, vyote nikatia. Nikaongeza na vya kwangu, kwamba Mzee Irabu anaisalimia kila herufi shikamoo, na kwamba kitabu anakishika juu chini. Hicho cha kitabu Tata hakuwahi kukifanya. Nilikibuni ili watu wacheke zaidi.

Na koti lile nikalichora kama lilivyo, vifungo vitatu, cha kati kikubwa kuliko wenzake. Kile kilitoka kwenye gauni la zamani la Mama, ndiye aliyekishona.

Kwa nini nilichora mpaka kifungo? Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani mchoraji akimwona mtu vizuri anataka kuonyesha kwamba amemwona. Ni ubatili tu. Wala sikumchukia. Nilimpenda, na nikamuuza kwa kicheko.

Kijitabu kilichapwa, kikaenda kama senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakati wa msimu wao. Mzee Jivan alichapa tena, na tena. Watoto njiani wakawa wanasalimia miti, "Shikamoo O! Shikamoo I!" Afisa mmoja wa elimu akakiona, akakisifu, akasema kitahamasisha wazee. Akaagiza vipelekwe kwenye madarasa ya watu wazima.

Mnaona kinakokwenda. Mimi sikuona. Yaani naapa sikuwaza kabisa. Nilikuwa nawaza jina langu kwenye jalada.

Shule zilipofungwa nikaenda nyumbani Buganguzi. Tata nilimkuta anaanika kahawa. Tukasalimiana vizuri, akauliza za kazi. Kisha akanawa mikono, akaketi kwenye benchi mbele ya nyumba, akapigapiga ubao kando yake nikae. Akatoa kijitabu mfuko wa ndani wa koti.

Akaanza kusoma.

"M-ze-e I-ra-bu. A-na-kwe-nda. Shu-le."

Kidole chini ya neno, polepole, bila kuruka hata moja. Wakuu, nisiwafiche, kwanza nilifurahi. Machozi yalinilenga. Baba yangu anasoma! Nilitaka kumwita Mama aje asikie. Ukurasa wa kwanza, wa pili, akaendelea mpaka wa mwisho. Kitabu kizima. Nadhani alikuwa amekifanyia mazoezi.

Alipomaliza akarudi ukurasa wa tatu, akaweka kidole juu ya picha.

"Hiki ni kifungo cha mama yako."

Nikainamia picha yangu mwenyewe.

Akasema, "Umechora vizuri. Kimekaa kama kilivyo." "Darasani walicheka sana. Na mimi nilicheka, sikujua ni nani. Nilicheka mpaka ukurasa wa tatu."

Halafu akainuka kwenda kugeuza kahawa yake.

Ilinipasa niinuke pale pale. Ningemfuata kwenye ule mkeka wa kahawa nikamwambia Tata nimekosa, nisamehe. Hatua kama kumi hivi. Nilibaki kwenye benchi nikijisemea kwamba hajakasirika, kwamba amesema umechora vizuri, kwamba nikianza kuomba radhi nitalikuza jambo.

Hakwenda tena darasani.

Adelina alimfuata nyumbani mara mbili. Tata alimjibu kwa heshima kwamba migomba imesongwa na magugu, ana palizi. Mara ya tatu Adelina hakwenda kwake, alikuja Izigo kwangu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nilikwambia usiyachore."

"Adelina, nilibadilisha jina."

"Darasa zima wanamwita kwa jina hilo hilo. Wazee wenzake. Wanamsalimia shikamoo M." Akapangusa uso kwa kiganja. "Alikuwa amebakiza kidogo tu. Alikuwa anaandika jina lake, Laurenti, bila kutazama ubao."

Akaondoka.

Mkisema nilikuwa mjinga, subirini muone ujinga wenyewe. Nilichofanya ni kuchora sehemu ya pili! Humo Mzee Irabu anafaulu, anapewa cheti, kijiji kizima kinampigia makofi. Nilidhani ndiyo radhi yangu. Nikampelekea Tata nakala ya kwanza kabisa kupitia kwa mwalimu mwenzangu. Miezi kadhaa baadaye niliikuta juu ya kabati, imefungwa na kamba ile ile niliyoifunga mimi.

Lililonivunja kabisa lilitokea kwenye ghala la ushirika. Nilikuwa nimemsindikiza Tata, karani anaandikisha upya wanachama. Zamu yake ikafika, karani akamsogezea kalamu.

"Mzee, wewe si ulikuwa kwa Mwalimu Adelina? Andika jina lako hapa."

Kwenye foleni nyuma yetu mtu mmoja akakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko.

Tata akasema, "Lete wino wa kidole."

"Lakini mzee, unaweza..."

"Lete wino, waitu," akasema, kwa lile neno letu la kusihi kwa heshima.

Akachovya gumba, akagandamiza, akajipangusa kwenye jani la mgomba. Hakunitazama. Baba yangu alikuwa anajua kuandika jina lake na mbele yangu alichagua kutojua.

Siku hiyo tulipofika nyumbani nilimsaidia Mama kumenya ndizi, nikamuuliza kama Tata ananichukia. Mama hakuinua macho.

"Akuchukie? Unadhani alikwenda shule kwa ajili ya nini? Alisema amechoka kuona watoto wa watu wanasoma vitabu vya mwanawe, yeye anaangalia picha."

Baada ya hapo sikuchora tena mtu. Nilichora vyura, mikungu, kondoo aliyetaka kuwa balozi wa nyumba kumi. Vilipendwa vile vile. Lakini mkono ulikuwa mzito, na miaka nayo ikabadilika. Ilikuja vita, karatasi zikaadimika, Mzee Jivan akafunga duka akawafuata wanawe ng'ambo. Mashine ile sijui alimwachia nani. Nikabaki na ualimu wangu mpaka nikastaafu.

Tata aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikukosa muda. Kila likizo nilikwenda, na sukari, na kitenge cha Mama. Tulikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, pamoja tukaongea habari za kahawa na mvua. Mara ngapi nilianza, "Tata..." akasema, "Naam," nami nikauliza habari ya ndama? Alipougua nilikaa kitandani kwake siku tatu. Akili yake ilikuwa nzima. Siku ya nne akafariki, na sikuwa nimesema.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Muleba. Mama mmoja wa makamo akanisimamisha, ananijua mimi ni nani. Alifurahi sana, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema alijifunza kusoma kwa vitabu vyangu, na kile cha Mzee Irabu bado anawasimulia wajukuu.

"Mwalimu, yule mzee alikuwepo kweli au?"

Nikamwambia, "Hapana. Nilimbuni tu."

Nilitembea mpaka nyumbani nikilirudia jibu langu. Nimezeeka kiasi hiki na bado nimemkana.

Kwa hiyo nasema hapa, kwa kuwa huko nilishindwa. Hakuwa wa kubuni. Aliitwa Laurenti, alikuwa baba yangu mzazi, kitabu hakukishika juu chini hata siku moja, na alijua kusoma.

Nilichojifunza: mtu wa kwenu akikuruhusu umwone akiwa hajui kitu, amekuamini. Usimpeleke barazani, hata kama utamchora vizuri kiasi gani. Na radhi inatoka mdomoni. Mimi nilijaribu kuichora, nikajaribu kuinunulia sukari, haikufika.

Kama kuna waandishi na wachoraji humu mliowahi kumtumia mtu wa nyumbani, hebu semeni mliyamalizaje. Na ambaye mzee wake bado yupo na ana neno hajamwambia, aniambie anangoja nini.

Nitasoma kila mtakachoandika, ingawa kwa macho haya itanichukua muda. Mimi nisemeni mtakavyo, nimestahili.

Ila yeye msimcheke.